Mwanamke Anayeizuia Bahari kwa Pete ya Mpira

Hana cheti cha chuo chochote. Hana boti, hana nyavu, hana hata ndoano moja. Hajui kuogelea, maji yakimfika magotini hutafuta mkono wa mtu wa kushika. Hana tumbo la kustahimili mawimbi, na safari yake ya kwanza alitapika tangu nanga iliponyanyuliwa hadi iliposhushwa tena. Hana ofisi, hana msaidizi, hana dirisha la kuitazamia bahari anayoifanyia kazi.

Na siku ya mwisho ya safari iliyopita, kwa muda unaotosha maji ya chai kuchemka, alikosa pia sauti.

Saa mbili asubuhi, katika chumba chembamba cha chuma nyuma ya meli ya utafiti, mwanamke huyu ameinamia meza. Mbele yake kuna kasha zito lenye umbo la ndoo, na pembeni kifuniko chake cha kioo, kinene kama kitabu cha dini. Mkononi ameshika pete nyeusi ya mpira, nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Amefumba macho. Anaipitisha pete ile polepole kwenye mdomo wake wa chini, inchi kwa inchi, mpaka mzunguko unakamilika.

Mtu asiyemjua atadhani anaibusu.

“Kidole ni mwongo,” anasema bila kufumbua macho. “Kidole kina sugu. Mdomo hauna sugu. Pakiwa na unywele, pakiwa na chembe ya mchanga, mdomo utasema.”

Melini wanamwita Kizibo. Jina alipewa na mwendesha winchi, mwanamume mnene mwenye upara na kicheko cha kukohoa, ambaye kazi yake ni kuteremsha na kupandisha waya wa chuma unaobeba vyombo vya utafiti.

“Wanawake wengine huenda sokoni kutafuta vitunguu,” humtania. “Dada yangu huyu anakwenda katikati ya bahari kutafuta unywele.”

“Na nikiupata nitakupa wewe, kaka,” hujibu Kizibo. “Kichwa chako kinauhitaji kuliko mtu yeyote humu.”

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Watafiti wanataka kuona viumbe wanaoishi chini sana, mahali ambapo jua halijafika tangu dunia iumbwe. Kamera na taa hutiwa ndani ya makasha, makasha hufungwa, kisha hushushwa kwa waya. Kati ya kifuniko na kasha hukaa pete ya mpira. Pete ikikaa sawasawa, bahari hubaki nje. Isipokaa sawasawa, bahari huingia.

Na huko haiingii kwa adabu. Kwenye kina cha mita mia nane, kila sehemu ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hubebeshwa uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Tundu jembamba kuliko sindano hutoa mkuki wa maji.

“Baba yangu alikuwa akisema maji hayana haraka,” anasimulia Kizibo. “Yanajaribu mlango wa kwanza. Yakikuta umefungwa, yanajaribu wa pili. Wewe utalala. Yenyewe hayalali.”

Baba huyo alikuwa fundi wa pampu za visima, na binti yake ndiye aliyemshikia taa tangu akiwa na miaka minane. Alipofariki alimwachia mkoba wa spana na masikio ya kusikia pampu inayovuta hewa. Hakuna aliyemwita mwanamke kutengeneza kisima. Akakodi kibanda, akaanza kukarabati sufuria za presha.

Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kibanda kile. Kisha siku moja akaja mteja mwenye miwani na sufuria iliyokuwa ikipuliza mvuke kama nyoka. Mteja alisimama kumtazama akiilambisha pete mpya mdomoni. Hakuondoka hata baada ya sufuria kupona.

“Akaniuliza, ‘Mama, unaweza kuziba kitu ambacho kinataka kuvuja kutoka nje kwenda ndani?’” anakumbuka. “Mimi nilizoea mvuke unaotaka kutoka. Sasa naambiwa kuna maji yanayotaka kuingia. Nikamjibu, mpira ni ule ule, dada. Kinachobadilika ni nani anagonga mlango.”

Mteja yule ndiye mtaalamu mkuu wa meli. Wote humwita Daktari, ingawa hajawahi kumpima mtu homa. Tangu siku hiyo, mwaka wa sita sasa, Kizibo hupewa mkataba wa safari moja moja. Safari ikiwepo, kodi ya nyumba hulipwa na binti yake anayesomea uuguzi anabaki chuoni. Isipokuwepo, anarudi kwenye sufuria, na sufuria za siku hizi, anasema, watu hutupa badala ya kutengeneza.

Elimu ya viumbe aliipata mezani, wakati wa chakula cha mchana, Daktari akichora kwa uma juu ya wali uliobaki sahanini.

Chini kule, Daktari aliwaambia, giza si kitu cha kupita kama usiku. Giza ndiyo nyumba. Hakuna jiwe la kujificha nyuma yake wala jani la kulalia chini yake. Kwa hiyo viumbe wengi hubeba nuru mwilini, na nuru hiyo ndiyo ngao yao, ndiyo mtego wao, ndiyo mdomo wa kumwitia mwenza.

Yupo samaki mwenye vitaa tumboni. Adui wake huwa chini akitazama juu, akiwinda vivuli dhidi ya mwanga hafifu unaoshuka kutoka kwenye jua. Samaki yule huwasha tumbo kwa kipimo kile kile cha mwanga wa juu, na kivuli chake hufa. Adui akitazama haoni kitu.

Yupo kamba mdogo ambaye akishikwa humtemea adui nuru usoni, kisha hutoroka kinyumenyume wakati mwenzake anapepesa macho. Yupo samaki jike mwenye ufito kichwani, na kwenye ncha ya ufito kuna kifuko cha vijidudu wanaong’aa. Yeye huwapa vijidudu wale chakula na malazi, nao humlipa kwa taa. Mlaji mdogo huja kuitazama taa, hukutana na meno.

“Wapangaji wanaolipa kodi kila siku,” mwendesha winchi alisema. “Mwenye nyumba wangu akisikia habari hii atahamia baharini.”

Lakini aliyemkaa Kizibo moyoni ni yavuyavu, yule mnyama laini kama ute wa yai, asiye na mfupa, asiye na mbio, asiye na meno. Yavuyavu mmoja wa kina kirefu, aking’atwa, huwasha duara la nuru ya buluu linalozunguka mwili mzima kama gurudumu. Hatishi mtu kwa nuru ile. Anaita. Nuru huonekana mbali, na mwindaji mkubwa zaidi huja kumkamata yule anayemla.

“Ngoja kwanza,” mwendesha winchi aliweka kijiko chini. “Anaomba msaada kwa mtu mwenye meno makubwa zaidi?”

“Ndiyo,” alijibu Daktari.

“Na huyo mkubwa akifika, akaamua kuwala wote wawili?”

“Inawezekana. Lakini akinyamaza ataliwa bila shaka. Akiwaka, ana nafasi.”

 Kizibo alimaliza wali wake, akaenda kuosha sahani.

Kutokana na mnyama huyo Daktari alibuni kifaa. Aliunda taa ya mviringo yenye vioo vidogo vya buluu vinavyowaka kwa zamu, gurudumu lile lile la yavuyavu anayelia. Taa ingetiwa kwenye kasha lake, ikaning’inizwa mbele ya kamera, na kamera ingetazama kwa mwanga mwekundu hafifu, kwa sababu viumbe wengi wa kina hawaioni rangi nyekundu. Kisha wangengoja kuona nani anaitika wito.

Bahari haikuwa na subira na mpango huo. Wiki mbili za mwanzo mawimbi yalikataa kabisa. Taa ilipopona kasoro zake, meli ilibakiwa na siku moja tu ya kazi, na kamera ilikuwa moja. Nahodha, mtu mkavu anayezungumza kama anayelipia maneno, alikuwa ameona upepo ukigeuka. Alasiri, alisema, meli itakuwa njiani kurudi, mnyama awe ameonekana au hajaonekana.

Hapa lazima msomaji aelewe desturi moja ya fundi huyu, maana kila kitu kinaning’inia juu yake.

Kila kasha linapofunguliwa, Kizibo huitoa pete iliyotumika na kuivaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kama bangili. Kisha huchukua pete mpya, huipaka grisi, huipitisha mdomoni, huikalisha, hufunga. Chombo kikishashuka, hurudi mezani, huchukua mkasi na kukata pete zote za mkononi vipande viwili viwili. Pete iliyotumika imebonyea upande mmoja. Kwa macho inafanana na mpya. Kwa kina haifanani.

“Ukiiacha nzima, siku moja mkono utakosea,” anasema. “Ndiyo maana naivaa. Nikiivaa siwezi kuisahau.”

Asubuhi ile kasha la kamera lilifungwa vizuri. Kasha la taa lilikuwa wazi, pete yake ya zamani iko mkononi pamoja na ya kwanza, na pete mpya imeshapakwa grisi na kupita mdomoni, wakati nahodha alipochungulia mlangoni.

“Fundi, tunashusha sasa hivi au hatushushi.”

Papo hapo meli ikalala ubavu. Kasha likaanza kuteleza kuelekea ukingo wa meza. Kizibo alihitaji mikono miwili, na pete mpya ilikuwa kwenye vidole. Akaisukuma kwenye kifundo, pamoja na zile za zamani, akalidaka kasha kwa kifua.

Meli ilipoinuka, alivua pete moja mkononi, akaikalisha, akafunga kifuniko, akakaza. Mabaharia wawili walikuwa tayari mlangoni. Kasha likaondoka.

Winchi ililia. Waya ukaanza kushuka.

Kizibo alirudi mezani, akafuta grisi, akachukua mkasi. Akaikata pete ya kwanza. Mkasi ukapita kama kwenye ngozi kavu. Akaiweka ya pili katikati ya makali. Ikaruka.

“Mpira mpya unaukataa mkasi,” anaeleza. “Unacheza, unateleza. Nikaishika kwenye taa. Ilikuwa duara kamili, inang’aa, grisi yangu bado iko juu yake. Nikauweka mkasi chini.”

Pete ya zamani ilikuwa ndani ya kasha la taa, na kasha la taa lilikuwa njiani kwenda mita mia nane.

Alikaa kwenye kigoda. Anakumbuka alichofikiri, na hakifichi. Pete iliyotumika mara moja si lazima ivuje. Pengine ingeshika. Na kama isingeshika, nani angejua? Kasha likifurika kwenye kina kile, taa hupasuka na pete huchanika. Wangesema kioo kilikuwa na ufa. Wangesema bahari ni bahari. Kazi yake ni ya namna hiyo: ukipatia, hakuna kinachoonekana, ukikosea, ushahidi huliwa na maji.

Na kama angesema, akasimamisha kazi ya siku ya mwisho, halafu pete ikakutwa nzima? Fundi wa namna hiyo nani atampa mkataba tena?

Alisimama, akaenda kwenye chumba cha mitambo. Daktari alikuwa amempa mgongo, macho kwenye kioo cha kuonyesha picha za kamera. Nahodha alikuwa kando ya mlango na kikombe mkononi. Tarakimu za kina zilikuwa zikipanda kwenye ukuta: mia moja na hamsini, mia mbili, mia mbili na arobaini. Kila mita ilikuwa inazidisha uzito juu ya mpira uliochoka.

Kizibo alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mwendesha winchi, aliyeketi mbele ya usukani wa waya, aligeuka kumtupia utani wa kawaida, akauona uso wake, akaumeza utani.

“Dada. Una nini?”

“Simamisha.”

“Unasemaje?”

“Simamisha winchi, kaka. Nimekosea pete.”

Waya ulisimama. Ukimya wa winchi, anasema, ulikuwa mkubwa kuliko kelele zake.

Daktari alizunguka kwenye kiti. “Kasha lipi?”

“La taa. Nimerudisha ya zamani. Mpya hii hapa.” Akaunyoosha mkono, pete ikining’inia kwenye kidole.

“Itavuja?”

“Sijui, Daktari.”

“Itashika?”

“Sijui pia.”

Nahodha aliweka kikombe chini. “Ukipandisha sasa, siahidi kushusha tena. Upepo hauna mkataba na mimi.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Wote waliokuwapo wanakubaliana kwamba aliifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

“Pandisha,” akasema.

Kasha lilipofika sitahani, nahodha mwenyewe alishuka kulitazama. Kizibo alilegeza kifuniko mbele yao. Ndani hapakuwa na maji. Hata tone. Nahodha akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa na kukiangalia.

“Kavu kama biskuti,” akasema. “Nusu siku kwa ajili ya pete kavu.”

 Mwendesha winchi alijifanya anatafuta kitambaa.

“Hapo ndipo nilipotamani bahari inimeze, mimi nisiyejua kuogelea,” anasema Kizibo. “Kasha lingekuwa na kijiko kimoja cha maji ningepona. Kijiko kimoja tu.”

Lakini mikono ilikuwa na kazi. Aliivua pete ile ya zamani, akaikata papo hapo mbele ya nahodha. Akachukua mpya nyingine, grisi, mdomo, macho yamefumbwa, meli ikiyumba, watu wakimsimamia kichwani. Mabaharia wanasema hakuharakisha hata kidogo. Nahodha alitazama mawingu, akatazama saa, akatazama tena mawingu.

“Saa tisa,” akasema hatimaye. “Nikisema juu, ni juu.”

Kamera ikashuka kwa mara ya pili. Safari hii Kizibo hakurudi mezani. Alisimama nyuma ya kiti cha Daktari, na macho yake hayakutoka kwenye kona ya chini ya kioo. Chombo kikianza kuingiza maji, picha huanza kutetemeka hapo kwanza.

Kwenye mita mia nne cheche zilianza kupita, buluu, moja moja, kama makaa yanayopeperuka. Walikuwa viumbe wadogo wanaowaka kwa kuguswa na waya. Kwenye mia sita cheche zikawa nyingi, zikaacha mikia. Kwenye mia nane waya ukasimama, cheche zikazimika, na kioo kikawa cheusi kabisa.

Daktari akabonyeza kitufe. Gurudumu la buluu likaanza kuzunguka.

Walingoja. Vumbi jeupe lilishuka polepole mbele ya kamera. Samaki mwembamba alipita, akasita, akaondoka. Gurudumu lilizunguka, likazima, likazunguka. Yavuyavu wa bandia alikuwa akilia katika nyumba isiyo na mtu.

Kona ya kioo ilikuwa imetulia.

Sitahani upepo ulianza kupiga mluzi kwenye nyaya. Kikombe cha nahodha kiliteleza mezani, mwenyewe akakikamata bila kukitazama.

“Juu,” akasema.

Daktari hakubishana. Aliomba jambo moja tu: taa iachwe ikiwaka wakati wa kupanda.

“Iache,” alijibu nahodha. “Lakini twende.”

Mwendesha winchi akashika usukani wake. Waya ukaanza kupanda, polepole, polepole mno.

“Hiyo ndiyo kasi yake?” nahodha aliuliza.

“Leo mashine ina uvivu, mkubwa. Tangu asubuhi imekaa vibaya.”

Nahodha alimtazama, akageuka kutazama dirisha. 

Walikuwa wamefika karibu mita mia sita na hamsini giza lilipofanya mkono.

Mwendesha winchi ndiye anayelisimulia vizuri zaidi. Kwanza ulikuwa mkono mmoja, anasema, mnene kama paja lake, ukitokea pembeni bila kelele wala haraka. Kisha mikono yote ikafunguka kwa pamoja kama mwavuli, ikalifunika gurudumu la buluu. Ngisi. Mkubwa kuliko meza waliyokuwa wakilia chakula. Alilikumbatia kasha la taa, akalivuta, akalizungusha, na kwa kitambo jicho lake lilipita mbele ya kamera, pana kama sahani, likitafuta mwindaji aliyekuwa akimla yavuyavu.

Wito ulikuwa umeitikiwa.

Daktari alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Baharia mmoja alikuwa akicheka chini chini kama mtu aliyepatwa na kwikwi. Na Kizibo?

“Nilimwona nusu,” anakiri. “Alikuwa anavuta kifuniko. Kifuniko changu. Mimi nilikuwa natazama kona ya kioo na kusema moyoni, vuta, baba, vuta, lakini usizungushe.”

Ngisi alizungusha. Kona haikutetemeka. Kisha mikono ikalegea, mmoja baada ya mwingine, na giza likafunga mlango wake.

Kasha lilipofunguliwa, lilikuwa kavu. Safari hii nahodha hakuingiza kidole.

Picha ile sasa imewekwa kwenye kuta za vyumba ambavyo Kizibo hajawahi kuingia. Kwa upande wake, furaha ilidumu mpaka bandarini.

Ofisi ya wenye meli hupokea taarifa ya nahodha kila safari. Ya mara hii ina sentensi moja isiyopendeza: mteremko wa kwanza wa siku ya mwisho ulibatilishwa kwa kosa la fundi wa kuziba, na kasha lilikutwa halina hitilafu. Alipoulizwa na mwandishi wa makala hii, nahodha hakuikana.

“Fundi mzuri,” alisema. “Lakini nusu siku ilipotea. Mimi huandika kilichotokea.” Kisha akaongeza: “Kama angenyamaza, ningekuwa nimeandika nini, sijui.”

Na kweli hakuna ajuaye. Pete ile ilifika mita mia mbili na arobaini tu. Kama ingefika mia nane ingeshika au ingeshindwa, jibu lake lilikatwa vipande viwili kwa mkasi.

Ofisi imemtaka kila anayeomba mkataba wa safari ijayo aandike barua kwa mkono wake. Daktari alimshauri Kizibo aombe tu, asiguse habari ya pete. Yeye mwenyewe angemtetea kwa wakubwa. Kizibo alimshukuru. Akaenda nyumbani kumweleza mama yake, bikizee anayeshona mito ya makochi, ambaye hajawahi kuelewa kazi ya mwanawe.

“Kwa hiyo wewe kazi yako ni kuziba,” mama alisema, uzi mdomoni.

“Ndiyo, mama.”

“Basi ziba makasha. Mdomo usiuzibe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

Jioni iliyofuata barua iliandikwa kwenye meza ya chakula, katika chumba chenye cherehani, kitanda na sufuria tatu za presha zinazongoja wenyewe. Kizibo alimsomea mwandishi sehemu yake, akifuata mistari kwa kidole.

“Kosa lilikuwa langu. Nilivaa pete mpya pamoja na za zamani kwa sababu kasha lilikuwa linaanguka na mikono yangu ni miwili tu. Sikutumwa na mtu kusimamisha kazi. Pete ilikutwa kavu, nami naandika hivyo. Hata hivyo, ikitokea tena nitasimamisha tena.”

Kisha lipo ombi. Anaomba kila pete iguswe na watu wawili kabla kifuniko hakijafungwa. Mmoja aikalishe, mwingine ahakikishe kwa mdomo wake. Yuko tayari kumfundisha huyo wa pili bila malipo ya ziada, awe yeyote, hata akiwa mwendesha winchi.

“Huyo tatizo lake ni masharubu,” anasema. “Itabidi anyoe.”

Je, watamchukua? Anatingisha kichwa kwa namna isiyo ndiyo wala hapana. Anachotaka anakijua. Daktari ana mpango wa kushuka chini zaidi, mara mbili ya kina kile, kumtafuta samaki jike mwenye taa kwenye ufito. Kizibo anataka kuwapo. Na safari hii, anasema, mtu wa pili akishagusa pete, yeye ataacha kutazama kona ya kioo, amtazame mnyama mzima mzima.

Aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Akalowesha gundi kwa ncha ya ulimi, akakunja mfuniko wa bahasha, akaukandamiza kwa ukucha wa kidole gumba kutoka kona hadi kona. Kisha, kwa mazoea, akafumba macho na kuupitisha ukingo wote kwenye mdomo wa chini.

Binti yake, aliyekuwa akipiga pasi sare ya uuguzi, alimwangalia.

“Mama, hiyo haiendi mita mia nane.”

“Zile ofisi wewe huzijui kina chake.”

Asubuhi alikwenda nayo posta kwa miguu. Sanduku la barua liko ukutani, la chuma, mdomo wake mwembamba umeliwa na kutu. Aliisukuma bahasha hadi nusu, akaishikilia, akapumua, akaiachia.

Hakuondoka. Aliegemeza sikio kwenye chuma mpaka aliposikia imegusa chini.